Moshi Uliopungua

Mwizi akiacha kuiba kwa kuwa amezeeka, mkono wake unatetemeka na miguu yake haiwezi tena kuruka ua, je, yeye ndiye aliyeacha wizi au wizi ndio uliomwacha? Swali hili si geni. Wanavyuoni walilijadili katika mlango wa toba, wakauliza kama toba ya mtu asiyeweza tena kutenda kosa lake ni toba ya kweli au ni jina tupu. Watoto wetu nao hulifahamu kabla ya kujua kusoma, kwa hadithi ya sungura aliyerukia ndizi, akaruka na kuruka asizifikie, kisha akaenda zake akidai kuwa hazijaiva. Mimi nimelikuta mahali ambapo sikulitazamia kabisa, katika jedwali la hesabu ya hewa itokayo misituni.

Jedwali hilo hutolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kila nchi ina safu yake, na safu huanza mwaka 1990, ikieleza mwaka baada ya mwaka ni kiasi gani cha methani kilichotoka katika misitu ya nchi ile ilipoungua. Mwanafunzi akiichora safu hiyo juu ya karatasi hupata mstari. Mstari ukipanda, husikitika. Ukishuka, hufurahi, akaandika katika insha yake kwamba nchi inaendelea vyema. Nimesoma insha kadha wa kadha za namna hiyo, na katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha nimepata kuzitia alama nzuri. Leo nataka kuuliza kama furaha ile ilikuwa na haki yake, na nitauliza juu ya nchi ninayoijua kuliko nyingine, yaani Tanzania.

Kwanza yapasa tuijue hewa yenyewe. Methani haina rangi wala harufu. Chembe yake moja ni kaboni moja iliyoshikana na hidrojeni nne. Mtaliani Alessandro Volta, ambaye jina lake limebaki katika kipimo cha umeme, aliikusanya mwaka 1776 kwa kuchokoa matope ya kando ya Ziwa Maggiore na kuyategea chupa mapovu yaliyopanda juu ya maji. Akaona kwamba hewa ile hushika moto. Haikai angani kwa muda mrefu. Baada ya miaka kama 12 huwa imekwisha kuvunjika, hali hewa ya ukaa hudumu kwa karne nyingi. Lakini katika uhai wake mfupi hufanya kazi kubwa: uzito wake mmoja, ukipimwa kwa miaka 20, huhifadhi joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito sawa wa hewa ya ukaa, na ukipimwa kwa miaka 100, karibu mara 28. Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu bilioni moja za hewa methani ilikuwa sehemu kama 700. Siku hizi imepita 1,900. Ndiyo sababu mwaka 2021 huko Glasgow mataifa zaidi ya 100 yaliahidi kusaidiana kuipunguza kwa asilimia 30 kutoka kiwango cha mwaka 2020 ifikapo mwaka 2030.

Msitu huitoa methani kwa njia zaidi ya moja. Moto mkali wenye hewa ya kutosha, kama ule wa nyasi kavu unaokwenda na upepo wa Septemba, hula karibu kila kitu na kuacha methani kidogo. Moto uliobanwa ndio mwenye lawama: gogo linalofuka siku tatu chini ya majivu, kisiki, mboji yenye unyevu, jani bichi lililolazimishwa kuungua. Hapo kaboni haipati oksijeni ya kutosha, nayo hutoka nusunusu. Tena yako matope ya misitu iliyofurika maji, ambamo viumbe wadogo wasioonekana huozesha majani pasipo hewa. Na miti iliyosimama katika matope hayo huivuta methani kwa mizizi na kuitoa kwa gome, kama bomba la moshi lililopandwa na Muumba. Wataalamu waliopima miti ya mabonde yanayofurika ya Amazon walitangaza mwaka 2017 kwamba njia hiyo ni kubwa kuliko walivyodhani. Mwaka 2024 wengine wakaonyesha upande wa pili, kwamba magome ya miti ya nchi kavu huimeza methani iliyomo hewani. Basi mti ni mti, lakini ukisimama penye maji hutoa, na ukisimama penye ukavu hupokea. Sijui kama yupo mshairi aliyepata kuutungia msitu sifa kwa jambo hilo. Anayetaka, nafasi ipo wazi.

Ninataja hayo ili msomaji asidhani kuwa msitu ni mkosefu. Safu ninayoizungumzia haina methani ya matope wala ya magome. Ina methani ya moto tu, na moto katika misitu yetu aghalabu una mkono wa mtu nyuma yake.

Sasa tazama jinsi tarakimu inavyozaliwa. Hakuna mtu aliyesimama katika pori la Tabora na chupa ya Volta akakusanya moshi wa nchi nzima. Hesabu hufanywa hivi: hutwaliwa ukubwa wa eneo lililoungua, huzidishwa kwa uzito wa majani na miti iliyokuwapo, huzidishwa tena kwa sehemu inayokisiwa kuwa imeteketea, kisha kwa kiasi cha methani ambacho kila kilo ya kuni za namna ile hutoa. Eneo lililoungua huonwa na setilaiti. Ile iitwayo Terra ilirushwa mwezi wa Desemba 1999, na mwenzake Aqua mwezi wa Mei 2002. Miaka ya mwanzo ya safu, basi, haikuonwa kwa jicho hilo; imejazwa kwa wastani wa miaka iliyofuata. Moshi uliowachoma macho wazee wetu mwaka 1991 umeandikwa kwa wastani wa moshi wa watu waliokuja baadaye. Silaumu. Mwenye kuhesabu hana budi kuanza mahali. Walakini mwanafunzi anayesema kuwa tangu 1990 mambo yamekuwa hivi au vile hana budi kufahamu kwamba sehemu ya mwanzo ya mstari wake ni kivuli cha sehemu ya kati.

Jambo la pili ni jina. Sehemu kubwa mno ya misitu ya Tanzania ni miombo, nchi ya mtundu na mninga, miti iliyoachana kiasi cha kuruhusu nyasi kuota chini yake. Je, huo ni msitu au ni mbuga yenye miti? Tanzania ilipoeleza msitu wake mbele ya Umoja wa Mataifa ilisema ni eneo lisilopungua nusu hekta, ambalo matawi yake hufunika walau asilimia 10 ya ardhi, na miti yake hufikia walau mita 3. Shirika la Chakula na Kilimo hutaka mita 5. Katika mita mbili hizo mna nchi kubwa. Moto uleule, wa siku ileile, huingia katika kitabu cha misitu au katika kitabu cha mbuga kwa kufuata urefu wa kijiti cha kupimia. Mtu anayetaka safu moja iwe nyepesi hana haja ya kuzima hata njiti moja ya kiberiti. Yatosha abadili jina.

Lakini nisikae sana katika hila za tarakimu, maana hata tarakimu iliyopatikana kwa uaminifu ina swali lake, nalo ndilo swali langu.

Mwaka 1998 na mwaka 2015 ni miaka miwili ambayo wataalamu waliichukua kuwa mipaka ya uchunguzi wao, uliochapwa katika jarida la Science mwaka 2017. Waliona kwamba katika kipindi hicho eneo linaloungua duniani kila mwaka lilipungua kwa karibu robo nzima. Habari njema, mtu atasema. Lakini walipotafuta sababu hawakukuta kwamba watu wamekuwa na hadhari zaidi na moto. Walikuta jembe na ng'ombe. Mahali palipokuwa na nyika ndefu isiyokatika, ambamo moto ungeweza kusafiri siku nyingi, sasa pana shamba, njia, boma, shamba tena, malisho yaliyoliwa mpaka chini. Moto hauna tena barabara yake. Na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa katika nyika na mbuga za kitropiki, ambazo Afrika ina fungu lake kubwa.

Hesabu kuu ya misitu ya Tanzania, iliyofanywa kwa miguu na kwa kamba tangu 2009 na kutolewa mwaka 2015, ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu na mapori ya miti, zaidi kidogo ya nusu ya nchi kavu yote. Hesabu hiyo ilikadiria kuwa nchi hupoteza hekta kama 372,000 kwa mwaka. Hesabu nyingine ya serikali, ya miaka 2002 hadi 2013, ikapata kama 469,000. Tofauti ni ya vipimo, wala sitaki kuingia kati ya wapimaji. Chukua ndogo, ukipenda. Kila hekta katika hizo huungua mara ya mwisho, moto wa kufyeka na kuchoma, na mwaka huo huiongezea nchi moshi. Mwaka unaofuata hekta ile haiungui tena kama msitu, kwa sababu si msitu. Imeondoka katika safu. Ikiwa mwaka mmoja yameondoka mengi kuliko yaliyokuwa yakichomwa, mstari utashuka, na mwanafunzi wangu ataandika kwamba nchi inaendelea vyema.

Nilipata kusafiri kwa gari la moshi kutoka Dodoma kwenda Tabora mwezi wa Septemba, miaka mingi baada ya safari yangu ya kwanza katika njia hiyo. Katika ile ya kwanza nilipita usiku nikaona mistari ya moto milimani kama shanga za dhahabu, na asubuhi madirisha yalikuwa na masizi. Safari hii usiku ulikuwa mweusi mwanzo hadi mwisho. Palipopambazuka niliona mashamba ya tumbaku yaliyovunwa, mabanda ya kukaushia, na vichaka. Nilimwambia mzee aliyeketi mbele yangu, mtu wa huko, kwamba nafurahi kuona watu wameacha kuchoma pori. Alinitazama kwa upole wa mtu anayemwona mgeni akikosea njia. "Bwana," akasema, "hapana cha kuungua."

Jibu lile lilinitosha kwa safari nzima, na tangu siku hiyo sijaweza kuutazama mstari unaoshuka bila kumsikia. Upungufu ule ulikuwa wa mwizi mzee. Hatukuacha kuchoma msitu. Msitu ndio uliotuacha.

Tena lipo jambo ambalo mwizi mzee hana na nchi inalo. Mzee akishindwa kuiba hukaa barazani, na mali za watu husalimika. Nchi ikiishiwa na msitu wa kuchoma haikai barazani. Ardhi iliyokuwa msitu hupata kazi nyingine, na mara nyingi kazi hiyo nayo hutoa methani, ila katika safu nyingine ya kitabu. Ng'ombe wa Tanzania wamepita milioni 30, na kila mmoja huteuka methani mchana na usiku kwa namna tumbo lake lilivyoumbwa. Katika delta ya Rufiji, ambako mikoko husimama katika maji ya chumvi yanayoizuia methani kwa kiasi fulani, watu wamefyeka sehemu ili wapande mpunga. Na mpunga uliofurika maji ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya hewa hiyo duniani. Safu ya misitu hupungua, safu ya mifugo na safu ya mpunga zikaongezeka, na kila safu huandikwa na mtu wake, katika ofisi yake, akisifiwa au akilaumiwa kwa safu hiyo peke yake.

Na mkaa je? Mkaa ndio mfano ulio karibu nasi kuliko yote. Tanuri la udongo ni shimo la kuunguza mti pasipo kuuacha uungue. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, hutia moto, kisha kwa wiki nzima kazi yake ni kuunyima moto hewa. Hiyo ndiyo hali niliyoisema mwanzoni, moto uliobanwa, nao hutoa methani kwa wingi. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa Tanzania hutumia tani kama milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu yake huishia Dar es Salaam. Moshi wa tanuri hautoki Dar es Salaam. Hutoka Kilosa, hutoka Kilwa, hutoka Handeni, katika pori, na mtu aliyesimama kando yake akikohoa hana hata redio. Na katika vitabu moshi huo huhesabiwa pamoja na mambo ya nishati, si pamoja na misitu. Hivyo mti uleule ukiunguzwa na moto wa porini ni msiba wa msitu. Ukiunguzwa katika tanuri ni habari ya mafuta ya kupikia.

Najua nitapingwa, na mpinzani wangu hasemi upuuzi. Atasema: Bwana mwandishi, anga halina dini. Halijui nia. Chembe ya methani isiyotoka haikutoka, awe aliyeizuia ni mcha Mungu au ni mwizi mzee. Ikiwa moshi umepungua umepungua, na joto litapungua kwa kadiri hiyo. Maswali ya toba yaache msikitini na kanisani; hapa tunapima hewa.

Kwa nusu ya hoja hiyo sina jibu, maana ni kweli. Joto haliulizi. Lau jedwali lingekuwa ni la wapima joto peke yao, ningefunga kalamu. Lakini jedwali hilo halikai kwao. Hupelekwa mikutanoni, na huko hugeuka kuwa sifa na lawama, ahadi na fedha. Nchi husifiwa kwa mstari wake. Kijiji hulipwa kwa msitu wake uliobaki, na kampuni iliyo mbali hununua hati ya moshi ambao haukutoka ili iendelee kutoa wake. Hapo tumeshatoka katika kupima hewa tukaingia katika kuhukumu watu, na asiyeruhusu swali la nia mlangoni asilitumie jibu lake ndani ya nyumba. Huwezi kumpa mtu tuzo ya kujizuia kisha ukasema hatujali kama alijizuia.

Ipo na sababu nyingine, ya kazi tu, ambayo hata mpima hewa ataikubali. Nia hutabiri. Aliyeacha kwa kushindwa hana ngao siku nguvu zitakapomrudia. Mvua zikirudi vizuri, vichaka vikaota juu ya mashamba yaliyochoka na kuhamwa, moto utarudi navyo, maana hakuna aliyejifunza kuuongoza. Mstari ulioshuka kwa njaa utapanda kwa shibe. Anayetaka kujua hali ya safu mwaka 2040 hataijua kwa kuutazama mstari. Atalazimika kuuliza kwa nini ulishuka.

Je, upo mstari uliopata kushuka kwa kujizuia? Ninaamini upo, na ili nisionekane kuwa naota ni lazima niende mbali, mpaka Brazili. Mwaka 2004 katika Amazon ya nchi ile zilifyekwa zaidi ya kilomita za mraba 27,000 kwa mwaka mmoja. Mwaka huo serikali ilianzisha mpango wa kuzuia. Setilaiti zilitazama, askari wa misitu wakafuata zilipoonyesha, hifadhi mpya zikatangazwa, na tangu 2008 mikopo ya kilimo ikanyimwa wenye mashamba waliovunja sheria. Mwaka 2012 eneo lililofyekwa lilikuwa chini ya kilomita za mraba 4,600. Msitu ulikuwapo bado, mkubwa mno, wenye kuungua kwa miaka mia nyingine. Mkono uliweza kuiba usiibe. Na uthibitisho kwamba uliweza ni kuwa ulipolegezwa uliiba tena: mwaka 2021 ilipita 13,000, kisha ukashikwa tena, na mwaka 2024 ikawa karibu 6,300. Mstari wa namna hiyo una maisha ya kiadili ndani yake. Hupanda na kushuka kama mtu anayepigana na nafsi yake. Hata hivyo mwaka huohuo wa 2024, kwa ukame mkali, mioto mikubwa iliila misitu iliyosimama. Hivyo ufyekaji ulipungua na moshi ukaongezeka kwa pamoja. Wema wa mwaka mmoja haulindi na ukame uliolimbikizwa na dunia nzima. Ninalitaja hilo kwa sababu ni kweli, ingawa linaichafua hoja yangu.

Sasa jambo linaloniumiza zaidi, ambalo sikuwa nalo nilipoanza kuandika. Nimetumia mfano wa mwizi. Lakini nani mwizi? Mrina asali wa Sikonge hutia moto wa kufukuza nyuki. Mfugaji huchoma nyasi kuukuu ili mvua ya kwanza ilete majani mabichi. Watu wa miombo wamechoma miombo kwa vizazi visivyohesabika, na miti ile imezoea. Ina gome nene, na huchipua kutoka mzizini. Mabwana misitu wenyewe huchoma mapema, mwezi wa Juni, nyasi zikiwa hazijakauka sana, ili Oktoba moto usipate chakula. Na hapo pana fumbo: nyasi zenye unyevu hutoa methani nyingi zaidi kwa kila kilo inayoungua, ila kilo zinazoungua ni chache. Anayechoma kwa hekima hutoa moshi mbaya kidogo ili kuzuia moshi mwingi. Je, huyo tumwandike safu gani? Setilaiti humwona, nayo humwona kama inavyomwona mlevi aliyetupa kipande cha sigara.

Kwa hiyo nisidai kuwa kila moshi ni wizi. Baadhi yake ni maisha. Hewa ya ukaa ya moto wa nyasi hurudi katika nyasi za mwaka ujao, ila methani hairudi kwa njia hiyo; kwa hiyo hata moto wa haki una deni lake dogo. Deni dogo la watu wengi maskini ndilo linaloandikwa kwa ukamilifu zaidi, kwa sababu moto wao uko wazi chini ya jicho la angani. Setilaiti haioni chungu kinachochemka Kinondoni juu ya mti wa Kilwa. Sheria nayo hufuata jicho. Mchoma mkaa hukamatwa na baiskeli yake na magunia yake mawili. Mla wali uliopikwa kwa mkaa ule hajawahi kukamatwa, wala hajawahi kufikiri kwamba angeweza kukamatwa. Hapo ndipo swali la nia linapokuwa chungu, kwa kuwa mchoma mkaa akiacha kwa sababu ya kuogopa askari, hesabu itampa nchi sifa, na watoto wake watalala njaa ambayo haina safu.

Ningependa basi kila jedwali la moshi wa misitu lisiende peke yake. Kando ya kiasi cha methani paandikwe hekta za msitu zilizobaki mwaka ule, ili msomaji agawanye mwenyewe na aone kama moshi umepungua kwa kila hekta au hekta ndizo zilizopungua. Ni kazi ya dakika tano, na ningeitoa kuwa sharti kwa kila mwanafunzi kabla ya kumruhusu kuandika neno "maendeleo". Mgawanyo huo hautaonyesha nia. Utaonyesha tu mahali pa kuiulizia. Baada yake hapana budi mtu aende huko akaulize, kama nilivyouliza katika gari la moshi, akiwa tayari kuaibika.

Serikali ilitangaza mwezi wa Mei 2024 kwamba inataka watu asilimia 80 wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ninaunga mkono, ingawa natabasamu kidogo nikikumbuka kuwa gesi asilia iliyoanza kuletwa Dar es Salaam kutoka Songo Songo mwaka 2004 nayo, kwa sehemu yake kubwa, ni methani. Mimi mwenyewe nimekwisha kuingia katika hesabu hiyo. Niliacha mkaa, nikanunua mtungi wa gesi. Rafiki zangu waliosoma rasimu ya insha hii walinipongeza, wakasema kwamba walau mwandishi anatenda anayoyasema. Nikanyamaza wakati ule, lakini hapa siwezi kunyamaza. Sikuuacha mkaa kwa kuuhurumia msitu. Gunia lilipanda bei mara mbili katika mwaka mmoja, na mwenye nyumba alikataza majivu uani.